Utando wa Tabaka Nne

1

Mwalimu Otmari Ngalapa alikuwa hajalala kwa siku nne. Dakta Enelisa Mligo aliambiwa hivyo kwenye mlango wa hospitali, kabla hata hajavua koti alilotoka nalo kwenye baridi ya Njombe, na alidhani ni chumvi tu wanayotia watu wanapouguza. Kisha akaingia chumbani.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, na Ifakara yote ilikuwa inatokota. Madirisha ya chumba yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi. Mwalimu alikuwa ameketi katikati ya kitanda, kichwa kimefungwa kanga tatu, moja juu ya nyingine, kuanzia kwenye paji la uso mpaka puani. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda.

"Nani amefungua dirisha?" aliuliza.

"Hakuna aliyefungua, baba Agripina," alijibu mkewe, Ludovika, aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na miguu yake. "Ni yule daktari wa Njombe. Amefika."

"Mwambie azime taa."

"Zimezimwa zote, mwalimu," Enelisa alisema. "Humu ndani ni giza. Mimi mwenyewe nimejigonga kwenye stuli hapa mlangoni."

"Basi mbona naona nyeupe?" Hakupayuka. Alisema taratibu, kama mtu aliyezoea kurudia somo mpaka wa dawati la mwisho aelewe. "Nikifumbua, nyeupe. Nikifumba, nyeupe. Nikijifunika ndiyo inazidi. Daktari, ninyi ndio mlionipa macho haya. Sasa naomba mniambie yanafungwaje."

Enelisa hakuwa daktari wa kutibu watu. Alikuwa mtaalamu wa fuwele, na kazi yake ilikuwa kupima jinsi molekuli zinavyojipanga ndani ya vitu. Lakini mwalimu alikuwa anasema kweli: macho yale yalianzia kwenye meza yake. Ugonjwa ulikuwa umekula sehemu ya nyuma ya macho ya Otmari na kumwacha gizani miaka kumi na mmoja. Miaka miwili iliyopita, wapasuaji wa Taasisi ya Tando huko Njombe walimtandazia mle nyuma ya jicho utando mwembamba usioonekana hata kwa kioo cha kukuzia, tabaka nne tu za molekuli. Mwanga ukipiga, molekuli zinagusa mishipa ya fahamu. Mwanga ukiondoka, zinaachia. Wiki sita baadaye mwalimu alikuwa amerudi darasani, anasahihisha madaftari.

"Kwa nini mmemfunga?" Enelisa aliuliza kwa sauti ya chini.

Ludovika alisimama, akamvuta mpaka kwenye korido kabla ya kujibu.

"Juzi nilikwenda kumchemshia uji. Niliporudi nilimkuta na kijiko. Si kwa kula, dada yangu." Alijishika chini ya jicho lake kuonyesha mahali. "Mtu aliyelia siku alipoiona sura yangu! Alikuwa anataka kuyatoa kwa kijiko."

"Ilianza lini?"

"Jumatano. Alikuwa na malaria. Homa ilipanda mpaka arobaini nukta moja, nikamleta hapa, wakamtundikia dripu. Jioni homa ikashuka. Homa ilishuka, lakini huo mwanga haukushuka."

Enelisa alirudi ndani na kipimo chake, kifaa kama tochi ndogo kinachosomwa pembeni mwa jicho bila kuligusa. Aliinua ukingo wa kanga. Kwenye chumba chenye giza utando hupaswa kukaa kimya, sindano ya kipimo ikiegemea sifuri. Sindano iliruka mpaka mwisho wa upande wa pili na kubaki huko. Alipima jicho la pili. Hivyo hivyo. Molekuli za Otmari zilikuwa zimegusa mishipa na hazikuwa zinaachia.

"Ni homa?" Ludovika aliuliza.

"Haiwezi kuwa homa, mama. Kitu chenyewe hakibadiliki mpaka nyuzijoto sabini na moja. Nilikipima mwenyewe. Hakuna binadamu anayefika sabini na moja."

"Basi ni nini?"

Enelisa alikitazama tena kipimo. Sindano ilikuwa bado imeganda mwisho.

2

Asubuhi ya Jumatatu alikuwa kwenye maabara, Njombe, na fundi wa mtambo wa eksirei, Kastori Mhema, aliyekuwa ameuendesha mtambo ule tangu ulipofungwa kwenye zege.

"Tunapima nini, Dokta?"

"Tunarudia kipimo cha miaka mitano iliyopita. Halafu tutafanya kile ambacho hatukukifanya."

Kipimo cha zamani kilichukua dakika kumi. Kastori aliweka mbele ya mtambo kipande cha fuwele, kidogo kama punje ya chumvi. Eksirei zilipopita ndani yake zilitawanyika na kuacha kwenye kioo cha kompyuta nukta nyeupe zilizojipanga kwa safu. Mtu anayejua kuzisoma nukta hizo anajua molekuli zimekaaje. Hizi zilikuwa ndefu na nyembamba kama njiti za kiberiti, zimesimama wima, safu juu ya safu, maelfu kwa maelfu. Walipasha moto: arobaini, hamsini, sitini. Nukta hazikutikisika.

"Kama nilivyokumbuka," Kastori alisema.

"Sasa lete bamba la shaba."

Bamba lilikuwa na tundu dogo katikati. Enelisa alidondosha tone la kitu kile kile kikiwa kimelainika, akavuta ukingo wa kisu juu ya tundu taratibu, kama mtoto anavyovuta povu la sabuni kwenye kitanzi cha waya. Utando ulibaki umetanda kwenye tundu. Alihesabu rangi zake chini ya hadubini mpaka akaridhika: tabaka nne, sawa na zile zilizo ndani ya jicho. Kastori alielekeza eksirei zipite zikiuparaza utando juu juu.

Nyuzijoto thelathini na saba. Nukta zilikuwa pale pale zilipokuwa za fuwele.

"Mapacha," Kastori alisema.

Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Enelisa alianza kupumua vizuri. Kwenye thelathini na tisa na nusu, safu nzima ya nukta ilitoweka, na nyingine ikatokea pembeni, imeinama.

"Umegusa kitu?" Enelisa aliuliza.

"Mikono yangu hii hapa."

"Shusha. Rudisha thelathini na saba."

Alishusha. Nukta hazikurudi. Alishusha mpaka thelathini, mpaka ishirini. Nukta zilibaki zimeinama. Enelisa alitupa utando ule, akavuta mwingine. Thelathini na tisa na nusu. Akavuta wa tatu kutoka kwenye chupa iliyotoka ghala la upasuaji, ile ile iliyokuwa ikitumika wiki hiyo. Thelathini na tisa na nusu. Utando wa nne ulimpasukia.

Kastori aliivuta miwani yake chini. "Nieleze mimi nisiye na digrii. Kitu ni kimoja. Chupa ni moja. Kwa nini kipande kinastahimili na utando unaanguka?"

"Kwenye kipande, kila molekuli imezungukwa. Ina jirani kushoto na kulia, ina jirani juu, ina jirani chini. Ikitaka kuinama, wanaishikilia. Kwenye utando wa tabaka nne, wa juu hana mtu juu yake. Wa chini hana mtu chini yake. Joto likipanda kidogo tu, hao wa juu na wa chini wanalala upande mmoja na kuwavuta wenzao. Na wakishalala, kichwa cha kila mmoja kinakandamiza mshipa. Hakiachii tena."

"Kwa hiyo yule mwalimu..."

"Ndiyo."

"Na mtu mwingine yeyote akipata homa ya arobaini?"

Enelisa alikwenda kwenye kabati, akatoa cheti cha usalama wa utando, kile kilichoruhusu upasuaji kuanza. Alikijua vizuri kwa sababu alikiandika yeye. Ukurasa wa kumi na nne, mstari wa tatu kutoka chini: *Muundo wa utando unachukuliwa kuwa sawa na muundo wa fuwele.*

Unachukuliwa. Miaka mitano iliyopita, mtambo huu ulikuwa na uwezo wa kupima vipande tu; kupima utando kulihitaji mtambo uliokuwa nchi nyingine, na foleni yake ilikuwa miezi saba. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi za nje ya Taasisi wakisubiri kuona. Majaribio yalifanywa hapa hapa Njombe, kwa watu wa milimani, ambako mbu ni wachache na mtu hukaa miaka bila malaria. Hakuna aliyepata homa kali. Kila mtu alifurahi. Na yeye, aliyefundishwa tangu mwaka wa kwanza wa chuo kwamba kitu chembamba kina tabia zake, aliandika neno moja na kugeuza ukurasa.

Aliketi sakafuni, mgongo kwenye mtambo, akiwa na cheti mapajani. Kastori alizima eksirei, akaketi karibu naye.

3

Profesa Gaudensi Ngole, mkurugenzi wa Taasisi, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu wa miaka sabini, mwembamba, mwenye tabia ya kumtazama mtu moja kwa moja usoni kwa muda mrefu kuliko adabu ilivyoruhusu. Wote pale walimsamehe kwa hilo. Alizaliwa akiona, akapofuka akiwa na miaka tisa, na utando wa kwanza kabisa kuwekwa kwa binadamu uliwekwa kwake.

Enelisa alipomaliza, Profesa aliinua mkono taratibu, akajigusa paji la uso kwa nyuma ya vidole, kama mama anavyompima mtoto.

"Una hakika?"

"Tando tatu, Profesa. Tatu kwa tatu."

"Watu elfu nne mia tatu na kumi na mbili wana utando," alisema. "Mia tisa kati yao wako bondeni, Kilombero, na masika imeanza. Nimesahau kitu?"

"Hapana."

"Basi sikiliza na upande wa pili, kwa sababu wewe ni mtaalamu wa fuwele, lakini mimi nilikaa kwenye meza ilipoandikwa sheria. Ukipeleka taarifa hii kwa Baraza la Vifaa vya Mwilini, halina hiari. Litatoa amri ya kuondoa. Kila utando, kwa kila mtu, ndani ya siku ishirini na moja. Wa bondeni na wa mlimani, mwenye malaria na asiyewahi kuumwa hata mafua. Na unajua kuondoa kunafanya nini."

Alijua. Utando ukishakaa mwaka mmoja hushikana na mishipa. Ukiutoa unang'oka nayo. Kwa wengi, hakuna utando mwingine utakaoshika tena.

"Nipe miezi miwili," Profesa alisema. "Tuunde molekuli nyingine, tuipime kwenye utando kama tulivyopaswa. Halafu tutangaze tukiwa na cha kuwapa."

"Katika miezi miwili ya masika, wangapi bondeni watapata homa ya kupita thelathini na tisa na nusu?"

"Huo ndio utaalamu wako? Kuhesabu?"

"Mia moja, Profesa. Pengine mia na thelathini. Yule mwalimu alitaka kujing'oa macho kwa kijiko! Nimekaa naye chumba kimoja."

"Na mimi nimekaa gizani miaka hamsini na zaidi!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Unataka kunipofusha, Enelisa? Mimi na watu elfu nne, ili wewe ulale vizuri?"

Maneno hayo yalikaa mezani kati yao. Profesa ndiye aliyeona aibu kwanza. Aligeuza uso dirishani, akaitazama ile miti ya misindano iliyopandwa kwa safu kwenye kilima, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kuna kifungu," alisema hatimaye. "Nilikipigania mwenyewe, watu wakaniona mkaidi. Mtu aliyeelezwa hatari, ana kwa ana au kwa simu, na mtu, si na mashine, kisha akasema kwa sauti yake kwamba anabaki na kifaa chake, hawezi kuondolewa kwa nguvu. Mradi amesema kabla amri haijatoka."

Enelisa alihesabu haraka. "Tuna watu ishirini na wawili hapa wanaoweza kupiga simu. Siku mbili. Tunaanza na bondeni."

"Siku mbili. Lakini hakuna redio, hakuna tangazo. Likisikika redioni, Baraza litasikia dakika hiyo hiyo, na amri itatoka kabla hujapiga simu ya mia."

"Redio ya Ifakara inafika mpaka mashambani, Profesa. Kuna watu simu hazitawapata."

"Najua."

"Sheria inanipa saa ishirini na nne kutoa taarifa."

"Hilo pia najua." Sasa alimgeukia, akamtazama kwa yale macho. "Ndiyo maana nakuambia mapema. Ukitangaza leo, wote wanapofuka na hakuna anayeungua. Ukisubiri siku mbili, karibu wote watachagua wenyewe, na pengine mmoja au wawili hawatapata nafasi ya kuchagua. Mimi siwezi kukuamulia, kwa sababu nina macho yangu ndani ya jambo hili. Siku hizo mbili zitakuwa zako."

Enelisa alitazama viganja vyake. Mle kichwani alikuwa anamwona Otmari na zile kanga tatu, kisha anaiona ile benchi ya nje, siku bendeji zilipokuwa zikifunguliwa, watu wakishikana nyuso.

"Siku mbili," alisema.

Profesa alivuta simu yake, akaiwasha irekodi, akaisogeza katikati ya meza. "Basi nisomee hatari, kama utakavyowasomea wengine. Mimi ndiye wa kwanza."

4

Walipiga simu kuanzia Jumatatu saa nane mchana. Wauguzi, makarani, Kastori, mpishi wa kantini ambaye sauti yake ilikuwa ya kutuliza kuliko ya mtu yeyote. Kila mmoja alikuwa na karatasi yenye maneno yale yale: homa ikipita nyuzijoto thelathini na tisa na nusu, utando utabadilika, utaona mwanga usiokoma, na hautarudi. Unaweza kuutoa. Unaweza kubaki nao na kujilinda. Uamuzi ni wako.

Enelisa alichukua orodha ya bondeni. Hakuna simu iliyofanana na nyingine. Mwanamume mmoja wa Mang'ula alicheka akidhani ni matapeli. Bibi mmoja alisema, "Mwanangu, nina miaka themanini na mbili, nimewaona vitukuu, nitoeni kesho, sina deni na dunia." Fundi cherehani wa Mlimba alimtukana matusi mazito kwa dakika tatu, kisha akasema, "Nabaki," akakata. Dada mmoja aliomba asomewe karatasi yote mara ya pili. Halafu akauliza kama nyuzijoto thelathini na tisa na nusu ni nyingi, kwa sababu kipimajoto chao kilivunjika.

Alipoulizwa kosa ni la nani, Enelisa alisema, "Langu." Aliposema hivyo mara ya arobaini, sauti ilikuwa haitikisiki tena, na hilo lilimwogopesha kuliko kutikisika.

Mchana wa Jumanne Ludovika alipiga mwenyewe. Otmari alikuwa amefanyiwa upasuaji asubuhi, tando zote mbili zimetoka.

"Haoni kitu," alisema. "Alipozinduka aliuliza kama ni giza. Nikamwambia wewe ndiye unayejua. Akasema ni giza, akaanza kukoroma." Alishusha sauti. "Nimekaa hapa tangu saa tano namsikiliza anavyokoroma. Sijui nifurahi au nifanyeje."

Kufikia Jumatano saa mbili asubuhi walikuwa wamewapata watu elfu nne mia mbili na sabini na mmoja. Zaidi ya elfu tatu walikuwa wamesema wanabaki. Arobaini na mmoja hawakupatikana. Kastori alikuwa anapitia majina hayo kwa mara ya mwisho simu ya maabara ilipolia, na Enelisa akaona uso wa fundi ukibadilika kabla hajaweka mkono juu ya kipaza sauti.

"Hospitali ya Ifakara," Kastori alisema. "Ameletwa mwanamke kwa pikipiki. Homa arobaini na nusu. Anawaambia wazime taa."

Enelisa alitazama orodha. Jina lilikuwa la tatu kutoka juu, Skolastika Lyahanzuka, miaka ishirini na sita, mkulima wa mpunga. Pembeni yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, alikuwa ameandika mara sita: *haipatikani.*

5

Walikuwa wamemweka chumba kingine, lakini mablanketi ya madirishani yalikuwa yale yale. Skolastika alikuwa amelala chali, kitambaa cheusi kimefunika macho, na juu ya kifua chake alikuwa amelala mtoto wa miezi minane, amejaa jasho la mama yake. Mwenye pikipiki alishawaacha na kurudi shambani. Hakukuwa na ndugu.

Enelisa alisema jina lake na kazi yake. Alieleza kilichotokea ndani ya macho, kwa maneno mafupi, na kwamba hakitarudi kuwa kama zamani. Skolastika alisikiliza huku akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Nimemwona miezi mitano," alisema. "Nilimzaa sioni. Akiwa na miezi mitatu wakanifungua bendeji, nikamwona. Ana alama hapa shingoni, wifi yangu hakuwahi kuniambia." Kidole chake kilitafuta ile alama, kikaipata bila kukosea. "Sasa nikimwangalia, hayupo. Ni nyeupe tu. Hata kichwa chake sioni kinaanzia wapi."

"Nisamehe," Enelisa alisema. Neno lilitoka dogo mno.

"Ninyi mmejua tangu lini kwamba homa inafanya hivi?"

Swali liliulizwa bila hasira, kama mtu anayeuliza saa. Ndani ya mkoba wa Enelisa kulikuwa na fomu ya Baraza, imejazwa yote isipokuwa sehemu moja: *Tarehe na saa ya kugundua hatari.* Ndege ilipokuwa inashuka alikuwa ameitazama nafasi ile tupu. Angeandika Jumatano, angekuwa ndani ya sheria. Simu za Jumatatu zingeweza kuitwa tahadhari tu; waliojua saa ya kipimo chenyewe walikuwa Kastori na Profesa, na hakuna kati yao ambaye angesema.

"Tangu Jumatatu," alijibu. "Saa nne asubuhi."

Mkono uliokuwa unampigapiga mtoto ulisimama.

"Mimi homa imenishika jana jioni."

"Najua. Tulikupigia simu mara sita."

"Kule kwenye mpunga simu haishiki. Tunakaa kule mpaka ndege waishe." Aligeuza kichwa kuelekea sauti ya Enelisa. "Lakini redio ninayo. Inaimba kutwa. Mngesema redioni ningesikia. Ningeshuka mjini, ningelala hapa hapa hospitalini na barafu kichwani. Kwa nini hamkusema redioni?"

Enelisa alimweleza. Amri, siku ishirini na moja, kile kifungu, watu elfu nne. Alieleza bila kujitetea, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia jinsi ilivyokuwa na maana yote na jinsi isivyomsaidia chochote mwanamke aliyelala mbele yake. Alipomaliza, nje kwenye korido mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Kwa hiyo mliwapigia hesabu," Skolastika alisema, "nikabaki mimi."

"Niliwapigia. Peke yangu. Wengine walifuata nilichosema."

"Na hao wengine, wanaona sasa hivi?"

"Wanaona."

Skolastika alianza kulia. Ilikuwa mbaya kumtazama, maana hakuthubutu kujifuta macho na hakuwa na pa kuyageuzia. Mtoto aliamka, akalia naye. Enelisa alisimama pale na mikono yake imening'inia. Alitamani kusema neno na alijua kwamba lolote angesema lingekuwa la kujifariji yeye.

Mtoto ndiye aliyetulia kwanza.

"Hiyo taarifa," Skolastika alisema hatimaye, pua imeziba. "Umeshaipeleka?"

"Bado. Ninayo hapa."

"Umeandika Jumatatu?"

"Sijaandika siku."

"Andika. Halafu unisomee, maana mimi sioni umeandika nini."

Enelisa alitoa kalamu. Aliandika *Jumatatu, saa nne asubuhi*, akasoma kwa sauti. Akasoma na sehemu ya chini, mahali pa idadi ya walioathirika, ambapo alikuwa ameshaandika *wawili*.

"Wawili nani?"

"Wewe na mwalimu mmoja wa hapa Ifakara."

"Weka majina. Huko wakisoma wawili wataona ni kidogo."

Fomu haikuwa na nafasi ya majina. Aliandika pembezoni, herufi ndogo, akigeuza karatasi. Otmari Ngalapa. Skolastika Lyahanzuka. Aliuliza jina la pili linavyoandikwa, akaambiwa, akasoma tena lote. Kisha akaipiga picha karatasi kwa simu yake na kuituma kwa Baraza.

Muuguzi alichungulia mlangoni. Homa ilikuwa imeshuka vya kutosha, wapasuaji walikuwa tayari, na alitaka kujua mgonjwa ameamuaje.

"Wazitoe," Skolastika alisema. "Nimekaa gizani miaka kumi na minne, nalijua. Huu mwanga sitauweza hata wiki." Aliinuka nusu, akamtoa mtoto kifuani, akamnyoosha mbele yake hewani, kuelekea mahali sauti ya Enelisa ilipokuwa inatokea. "Mshike."

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu? Mshike. Usimpe mtu mpaka nitoke."

Walimpeleka. Enelisa alikaa kwenye kiti cha korido akiwa na mtoto begani, mzito kuliko alivyodhani, akilia kwa nguvu zake zote. Mfukoni mwa koti simu ilianza kutetemeka. Ilikatika, ikaanza tena, ikakatika, ikaanza. Alijua ni Baraza. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kichwa cha mtoto na wa pili umembeba kwa chini, na hakuwa na wa tatu wa kuipokea.